Siku Ramazani Alipoacha Kubisha

Kama ulitaka kujua kwamba asubuhi imeshakuwa asubuhi kweli pale Kamina, hukuwa na haja ya kutazama jua. Ulipita mbele ya duka la Ramazani Abedi ukasikiliza kama wazee wawili wameanza kubishana. Wakiwa wameanza, basi mji umeamka.

Ramazani aliuza vipuri vya baiskeli: minyororo, spoku, tairi, pedali, na zile gololi ndogo ambazo hupotea mtu akipiga chafya. Wateja wake walikuwa wanaume wanaosukuma baiskeli zilizojaa makaa na mahindi kutoka vijijini, na wengine waliotoka mbali, hadi Bukama, na vikapu vya samaki mkavu. Babu yake ndiye aliyekuja kwanza, kwa miguu, kutoka upande wa Kasongo, akiuza vitambaa na chumvi. Akaoa hapa, akazikwa hapa. Lakini mji haukusahau alikotoka. Mpaka siku hizo familia ile iliitwa Bangwana, yaani Waislamu wa Maniema, na Ramazani mwenyewe hakuona ubaya wowote katika jina hilo.

Mwenzake alikuwa Florent Kaumba, mashinisti mstaafu. Aliendesha treni tangu ujana mpaka mvi zikamkuta humo humo kwenye mashine, na alipoacha kazi masikio yake yalikuwa yamezoea ngurumo kiasi kwamba hakuweza tena kusema neno kwa sauti ya chini. Kila asubuhi, akishakunywa chai, alimuaga mkewe Clotilde, akavaa kofia, akaenda kukaa kwenye benchi mbele ya duka la Ramazani. Hakununua kitu. Hata baiskeli hakuwa nayo. Alikwenda kubisha.

Walianza na mpira, kwa kuwa mpira hauna hatari. Florent alikuwa mtu wa Lupopo kama marehemu baba yake, maana Lupopo ni timu ya watu wa reli tangu zamani. Ramazani alikuwa Mazembe wa kufa kupona. Kutoka mpira walivuka kwenda siasa. Ramazani aliamini kura. Kila uchaguzi alijipanga tangu alfajiri, na akishapiga kura alitembea na kidole chenye wino juu, kama mtu aliyetoka kuua chui. Florent alisema kupiga kura ni kumchagua mamba atakayekula mguu wako.

"Weye Florent," Ramazani alikuwa akimwambia, "ukingojea depite wa bunge mwenye roho safi, utangojea mpaka bakuzike."

"Na weye ukipiga kura banakuzika vilevile, lakini na wino ku kidole."

Wakimaliza siasa wanaingia kwenye uchumi, yaani bei ya unga, na hapo hata wapita njia walisimama. Hakuna siku walikubaliana. Na hakuna mtu aliyeona wakinuniana. Mwaka mmoja Florent alipolala na malaria mpaka akaacha kula, Ramazani alikwenda kukaa kando ya kitanda chake, akaanza kusema kwamba treni ya umeme ilikuwa kosa kubwa, afadhali ile ya makaa. Florent alifumbua jicho moja. Kisha akafumbua la pili. Jioni alikuwa ameketi, amekasirika, anaomba uji. Clotilde alisimulia jambo hilo kanisani kama ushuhuda.

Sasa, mwaka ule dola ilianguka. Faranga ya Kongo, ambayo watu walishazoea kuiona ikizama kama jiwe, ilipata nguvu ghafla, na redio zote zikaimba. Pale Kamina watu walifurahi. Walisema: sasa unga utashuka, mafuta yatashuka, sabuni itashuka. Wakangoja. Unga ulibaki pale pale. Mafuta yalibaki pale pale. Mwisho wa mwezi meka ya mahindi, kile kikopo cha kupimia sokoni, ilipanda tena kidogo, na furaha ile ikageuka kuwa kitu kingine. Mtu aliyekuwa maskini bila kutegemea chochote huvumilia. Lakini umwonyeshe sahani, umfunulie kifuniko, kisha uiondoe, huyo usimgeuzie mgongo.

Asubuhi moja katika siku hizo, mbele ya duka palikuwa na watu wengi kuliko kawaida. Dany, kijana wa pikipiki aliyependa kuwasikiliza wazee akingojea abiria, alikuwa ametoa simu anachukua video.

"Minyi nauliza kintu kimoja tu," Florent alianza, akipiga goti lake. "Dola imeanguka. Juu ya nini munyororo yako haianguke?"

"Ile munyororo nilinunua ku Lubumbashi wakati dola ilikuwa ingali yulu," Ramazani akajibu. "Halafu njia yote ni barieri ya askari. Kila barieri iko na kamba, na kila kamba iko na mukono. Unataka ule mukono niulipe na nini? Na salamu?"

Florent alisimama. Akanyoosha kidole kama mtu aliye bungeni, akaitoa sauti yake yote ya mashine.

"Ile ni bongo, unadanganya! Nyinyi Bangwana mulikuya hapa na kinga moja, baiskeli moja tu, leo munakula muji muzima! Murudie kwenu, mutuachie Kamina yetu!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa Ramazani, alilazimika kuvua miwani ajifute macho.

"Kwetu ni wapi, Mashini?" akasema alipopata pumzi. "Babu yangu alikuya na miguu. Baba yako alikuya na treni. Njo nani alifika wa kwanza?"

Florent aliwaza kidogo. "Treni ilichelewa," akasema, na kicheko kikaanza upya.

Hayo ndiyo yaliyotokea, na waliokuwepo wanaweza kukuambia. Dany aliituma video nzima kwenye kundi la WhatsApp la watu wa pikipiki, kwa nia ya kuchekesha tu. Lakini video haina mwenyewe. Kabla ya jua kuzama mtu fulani, mpaka leo hajulikani, alikuwa ameikata. Swali la Florent halikuwemo tena, wala barieri, wala babu aliyekuja kwa miguu. Kicheko pia hakikuwemo. Alibaki Florent peke yake, amesimama, kidole mbele, mshipa wa shingo umetoka: *Murudie kwenu, mutuachie Kamina yetu!*

Na hapa lazima ukweli usemwe: mwanzoni Florent alifurahi. Alikuwa ametoa maoni yake maisha yake yote na hakuna aliyeyabeba zaidi ya mita chache kutoka kwenye benchi. Sasa watu asiowajua walimsalimu njiani. "Président!" walimwita. Mwanamke muuza sombe, majani ya muhogo, alimwongezea fungu la bure. "Papa, umetusemea," akamwambia. Florent alirudi nyumbani na lile fungu la majani kama mtu aliyepewa medali.

Clotilde aliipokea sombe, akaitazama, akaiweka chini. Alikuwa akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Papa Masengo, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ile maneno uitoshe, ifutwe ku batelefone ya bantu."

"Nitaitosha namna gani? Kwani niliiweka minyi?"

Kesho yake alifika kwenye benchi amekaza kofia. "Mungwana, nimekuwa staa."

Ramazani alitabasamu, lakini tabasamu lake halikufika kwenye macho. "Amida hapendi ile video," akasema. Amida alikuwa mkewe. "Anaomba uongee na Dany aifute."

"Amida anaogopa hata kivuli," Florent akacheka.

Ramazani alipangusa pedali moja kwa kitambaa, akaipangusa tena ingawa ilikuwa safi. "Na minyi pia ningependa ifutwe, Florent."

Florent alipunga mkono kama anayefukuza nzi, akauliza habari za Mazembe.

Jumapili ile timu ya mji ilikuwa inacheza na timu ya wageni. Florent alikwenda uwanjani, kama siku zote. Timu ya mji iliongoza, ikarudishiwa, na mwisho kabisa mwamuzi akawapa wageni penalti ambayo hakuna mtu wa Kamina aliyeiona sababu yake. Wakafungwa. Watu walitoka uwanjani na hasira isiyokuwa na pa kwenda: mwamuzi alikuwa ameshaondoka kwa mlango wa nyuma, wachezaji walikuwa wanalia, na asubuhi ya siku ile ile unga ulikuwa umepanda tena.

Florent alitembea katikati ya umati, anaeleza kwa sauti kwamba kosa lilikuwa la beki wa kushoto. Mara akasikia wimbo unaanza mbele. Ulikuwa wimbo wa mashabiki, ule wa kila Jumapili, lakini maneno yalikuwa mapya. Alisikiliza. Yalikuwa yake.

*Murudie kwenu! Mutuachie Kamina yetu!*

Kwanza mwili ulimsisimka, na msisimko ule haukuwa wa hofu. Baadaye hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Kisha akaona umati haushiki njia ya cité, ya kurudi majumbani. Ulikuwa unapinda kuelekea barabara ya maduka.

"Bana bangu!" akapiga kelele. "Bana, mungoje! Ile ilikuwa masihara!"

Wale waliokuwa karibu waligeuka, wakamwona. "Njo yeye!" mmoja akasema. "Président mwenyewe!" Na kabla hajasema neno la pili miguu yake iliacha ardhi. Walimwinua. Alikuwa mzee mkavu, hakuwa na uzito. Vijana wawili walimweka mabegani kama kapteni aliyechukua kombe. Akapiga vichwa vyao kwa viganja, akapiga kelele wamshushe. Waliona anapiga ngoma ya wimbo. Wakaimba zaidi.

Ramazani, kwa kuwa Jumapili haikuwa siku yake ya mapumziko, alikuwa dukani. Alitoka nje akasimama mlangoni, mkono mmoja kwenye ubao wa kufungia. Aliuona umati, na juu ya umati akamwona Florent.

Walitazamana. Florent alitikisa kichwa, hapana, hapana, hapana. Kwa ile sauti yake iliyoweza kushinda injini aliita, "Ramazani!", na hata yeye mwenyewe hakujisikia. Na uso wa Ramazani haukuwa na hasira, wala woga. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa akibishia jambo fulani miaka yote, na sasa ameonyeshwa ushahidi.

Mambo yale hayakuchukua muda. Ubao uling'olewa, rafu zikaangushwa, tairi zikatoka zinabiringika barabarani na watu wakazikimbilia. Amida, aliyekuwa ndani akihesabu spoku, alisukumwa na mlango uliokuwa unaanguka, mkono wake ukavunjika juu ya kiwiko. Wale waliombeba Florent walimtupa chini ili mikono yao ipate nafasi ya kubeba minyororo. Hakuna aliyekufa. Askari walipofika, hapakuwa tena na cha kulinda, isipokuwa gololi zilizotapakaa mavumbini ziking'aa.

Asubuhi iliyofuata Florent alikwenda. Clotilde alitangulia na sufuria ya uji kwa ajili ya Amida, akapita nyuma ya nyumba bila kumngoja. Ramazani alikuwa ameketi kwenye lile benchi, ambalo hakuna mtu aliyeona faida ya kuliiba.

"Karibu, Florent," akasema. "Ikala."

Florent hakukaa. "Ramazani, unisamehe."

"Nimekusamehe."

Lilitoka haraka mno, kama mtu anayerudisha chenji. Florent alikuwa amekesha akijiandaa kutukanwa. Alikuwa tayari hata kwa kofi. "Nilisema maneno ya upumbafu," akaendelea. "Hakuna hata moja iko ya kweli."

"Hapana, Florent." Ramazani alitazama barabara. "Ulikuwa na haki. Tulikuya na kinga moja."

Florent alipiga magoti mavumbini, akaanza kuokota gololi, moja moja, anazitia kofiani. Hakujua afanye nini kingine.

Duka lilifunguliwa tena baada ya majuma kadhaa, rafu nusu tupu. Wateja walirudi, maana baiskeli hazijui aibu, na baadhi yao walinunua kwa macho ya chini. Florent pia alirudi kwenye benchi. Akangoja siku mbili tatu kwa adabu, kisha akajaribu.

"Mazembe mwaka huu imekwisha," akasema. "Imekufa kabisa."

"Eh," akajibu Ramazani. "Imekufa."

Florent alimtazama. "Lupopo njo itachukua kombe."

"Itachukua."

Siku nyingine alisema kura ni upuuzi, na Ramazani akasema ni upuuzi kweli. Kesho yake Florent akageuza maneno: alikuwa amefikiri, akasema, na ameona kura ni kitu kizuri, safari ijayo atajipanga naye. Alisema hivyo akitumaini kumwona rafiki yake akiruka kwa furaha au kwa dharau, lolote. Ramazani aliitikia kwa kichwa polepole. "Ni kintu kizuri," akasema, akaendelea kupangusa.

Florent alijaribu hata uongo wa wazi. Alisema Bukama ni kubwa kuliko Lubumbashi. Alisema treni yake ya zamani ilikuwa na mbawa. "Kumbe," alisema Ramazani.

Wapita njia waliacha kusimama. Dany alipaki pikipiki yake upande wa pili wa barabara, na alipokutana na macho ya wazee alijifanya anasikiliza injini.

Florent alimfuata. "Ile video ya kweli, ile nzima, ungali nayo?"

"Ninayo, Papa Florent."

"Uitume tena. Ku bakundi yote. Bantu baone tulikuwa tunacheka."

Dany aliituma, siku ile ile, mbele yake. Alikuwa kijana mwenye roho nzuri na jambo lile lilimnyima usingizi. Lakini video nzima ilikuwa ndefu, na haikuwa na kitu cha kuimba. Wachache walioifungua waliishia kwenye barieri na kamba. Mmoja aliandika chini yake: *Mzee amelipwa.*

Florent akaenda kwenye redio moja ya mji, akaomba nafasi katika kipindi cha michezo. Wakampa, kwa sababu jina lake lilikuwa bado na moto. Alieleza yote kwa utaratibu, bila kupiga kelele, jambo ambalo lilimgharimu. Alisema yule ni rafiki yake. Alisema maneno yale yalikuwa mchezo baina yao wawili, na mchezo una mipaka kama uwanja. Kisha wakafungua simu.

"Papa," alisema msikilizaji wa kwanza, kwa heshima nyingi, "mbele ulikuwa unasema kweli. Sasa Bangwana bamekununua."

Wa pili alisema hivyo hivyo. Wa tatu alitaka kujua kuhusu ile penalti.

Florent alitoka studio akiwa ameelewa jambo moja: maoni aliyokuwa nayo hayakuhitajika na mtu, na yale yaliyohitajika hayakuwa tena mali yake ya kuyarudisha. Njiani walimwita Président. Alivua kofia, akaitia kwapani, ili wasimtambue kwa mbali.

Siku moja alimkuta Amida peke yake dukani, mkono umefungwa kwa ubao na kitambaa. Akamwita kwa jina la binti yake, kama ilivyo desturi.

"Mama Kadija, muzee anaendelea namna gani ku nyumba?"

Amida hakutaka kujibu. Kisha akajibu, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwambia. "Namuuliza: tupike wali ao bukari ya unga? Anasema ndiyo. Namuuliza tena: wali, ao bukari? Anasema vizuri. Muntu wa zamani, ule aliyekuwa ananigombeza juu ya chumvi, sijui alienda wapi. Nalala na kivuli."

Florent hakulala vizuri usiku ule, wala uliofuata. Mwishowe akapata wazo, na lilikuwa wazo la mtu aliyekata tamaa. Aliona kwamba kuna neno moja tu ambalo Ramazani asingeweza kulikubali. Hakuna binadamu awezaye. Akilisikia, damu itamrudi. Atasimama, atavua miwani, atamwambia habari za babu aliyekuja kwa miguu na baba aliyekuja kwa treni, atamfukuza kama mbwa, na wote wawili watapona.

Alikwenda asubuhi. Alikaa benchini.

"Ramazani," akasema. "Kama Kamina haikutaki, juu ya nini haurudie kwenu?"

Akafumba macho, akangoja.

Alisikia baiskeli inapita, mnyororo wake unalia kwa kukosa mafuta. Alisikia kitambaa kikiwekwa juu ya meza. Na sauti ya Ramazani ilipokuja ilikuwa tulivu, karibu ya shukrani.

"Hata minyi nawaza vile," akasema. "Kadija anatuita Kasongo. Bwana yake iko na nafasi ya nyumba. Nilikuwa sijui kama ni vizuri kwenda. Sasa weye umesema."

"Hapana," alisema Florent. "Hapana, Ramazani, minyi sikutaka..."

"Umesema vizuri, Florent."

Florent alimsihi siku ile mpaka adhuhuri. Alisema Kasongo ni mbali, na Ramazani akakubali kwamba ni mbali. Alisema njia ni mbaya, na akakubali. Alisema mtu hawezi kurudi mahali ambapo hajawahi kukanyaga, na Ramazani akasema kweli, hawezi. Kila alichosukuma kilifunguka bila kizuizi, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Kabla ya mwezi kuisha, rafu zilikuwa zimeuzwa, na duka lilichukuliwa na mtu wa kuuza kadi za simu.

Treni ya kwenda Kabalo, kwenye njia ya Kasongo, ilikuwa imejaa tangu alfajiri: magunia, kuku, magodoro yaliyofungwa kwa kamba, akina mama wamekaa juu ya mizigo yao ili isihamishwe. Florent alibeba sanduku la Ramazani begani. Alijua kila bawabu pale stesheni, na wote walimpisha. Aliwapatia nafasi ya dirishani. Alipanga mizigo, akaipangua, akaipanga tena. Alipokosa cha kupanga alishuka, akasimama chini ya dirisha, mkono ameegemeza kwenye bati la behewa ambalo huenda yeye mwenyewe aliwahi kulivuta.

"Ramazani. Unitukane kidogo," akasema. "Neno moja tu. Mbele ya kwenda."

Ramazani alimtazama kwa upole. Aliwaza kweli, ilionekana anawaza, anatafuta mahali fulani ndani yake kama mtu anayepapasa mfuko wa kanzu ya zamani. "Ulikuwa rafiki muzuri, Florent," akasema mwishowe, na kweli hakuwa na lingine.

Hapo Amida akainama juu ya bega la mumewe mpaka uso wake ukatoka dirishani. Mkono wake ulikuwa umepona, lakini umepona vibaya, haukunyooka.

"Ye amekusamehe," akasema. "Minyi sijakusamehe. Usikie vizuri, Papa Kaumba. Nilisema ifutwe, ukacheka. Kila siku nikishindwa kuinua sufuria nitakutaja jina. Sitakusamehe hapa, sitakusamehe kule."

Florent alivua kofia. Ilikuwa miezi sasa tangu mtu yeyote ampinge, na alisimama akayapokea maneno yale moja moja mpaka mwisho. "Aksanti, Mama Kadija," akasema. Amida alidhani anamdhihaki. Akafunga dirisha kwa nguvu.

Treni iliondoka polepole. Ramazani hakugeuka kutazama mji, na haikuwa kwa kiburi; mtu wa kiti cha mbele alikuwa anamwambia jambo fulani kuhusu bei ya mchele, na Ramazani alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Yalipita majuma mengi kabla Florent hajapata mtandao wa kumfikia Kadija. Clotilde alikuwa anapepeta mahindi uani, naye Florent amesimama pale ambapo simu hushika, karibu na choo, kidole kimeziba sikio la pili. Kadija alikuwa amezaliwa Kamina, alicheza na watoto wao, na sauti yake ilikuwa na adabu ile ile.

Walifika salama, alisema. Mvua ilikuwa nyingi. Mama alikuwa amepata mganga wa mifupa, lakini hakukuwa na cha kufanya.

"Na Papa?"

"Papa iko. Mwanzoni alikuwa anaikala nje na bazee. Lakini huku banamwita Mukatanga, mugeni wa kule Katanga kwenu, Papa Florent. Kiswahili yake banacheka. Akifungua tu kinywa, banasema: nyamaza Mukatanga, weye unajua nini ya huku kwetu?"

Florent alikaza simu sikioni. "Unipatie ye niongee naye."

Kabla ya jibu alisikia kuku wa Kasongo, mji ambao hakuwahi kuuona.

"Amelala," alisema Kadija.

Ilikuwa saa nne asubuhi.

"Analala mingi sasa," akaongeza, halafu mtandao ukakatika.

Florent alirudi uani. Clotilde aliinua macho kutoka kwenye ungo, akauliza wamesema nini.

"Bamefika salama," akasema, akaketi kwenye kigoda.

Clotilde alingoja aongeze neno, kama alivyongoja kwa miaka arobaini kila mumewe alipoleta habari yoyote ya dunia. Alipoona haliji, akaendelea kupepeta.